Feri ya Kenya na Zanzibar ianzie Shimoni

Kila viongozi wa Kenya na Zanzibar wanapoketi kuzungumza biashara, usafiri wa boti kati ya Mombasa na visiwani hurudi mezani. Mpango unaosifiwa huwa uleule: boti ya kasi iondoke Mombasa asubuhi, ishushe watalii Unguja mchana, imalizie Dar es Salaam. Unavutia, na naamini ndio unaotuchelewesha. Njia inayostahili kupata feri kwanza ni fupi na haina jina kubwa katika utalii: Shimoni hadi Pemba.

Tuipime bahari. Mombasa hadi mji wa Unguja ni kiasi cha kilomita 240. Boti inayokwenda kilomita 55 kwa saa itachukua zaidi ya saa nne, na mafuta yake si ya mchezo. Abiria mwenye fedha ana ndege. Asiye nazo ana basi linalopita mpaka wa Lungalunga na Horohoro, na hata likimchosha kutwa nzima, nauli yake haifikiwi na boti ya kasi. Boti za aina hiyo ziliwahi kuiunganisha Mombasa na Pemba na Unguja miaka ya nyuma, lakini hazikudumu.

Kutoka Shimoni, kusini kabisa mwa Kwale, hadi Wete, Pemba, ni chini ya kilomita 60. Chombo cha mwendo wa wastani kinafika kwa saa mbili. Tena njia hii haihitaji kutafutiwa abiria. Wavuvi wa Pemba wamekwenda dago, kambi za muda za uvuvi, pwani ya Kenya kwa vizazi, wakifuata pepo za kaskazi na kusi. Wengine walioa huko, wakazaa, wakabaki. Wajukuu wao waliishi Kwale na Kilifi bila kitambulisho hadi mwaka 2023, serikali ya Kenya ilipowatambua rasmi Wapemba kuwa miongoni mwa makabila ya nchi. Januari 2001, baada ya waandamanaji kuuawa Pemba, zaidi ya watu 2,000 walivuka wakakimbilia Shimoni. Walikwenda kwa vyombo vya wavuvi, kwa sababu ndivyo vilivyokuwapo. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, mtu wa Wete mwenye msiba Vanga, upande wa Kenya, bado anatafuta nahodha wa mashua, au azunguke kwa boti hadi Tanga kisha apande gari kurudi kaskazini.

Kinachonifanya nilisukume jambo hili kuliko yote ni usalama. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Siku za mwanzo zilihesabiwa maiti takriban 200. Tume ya uchunguzi ikaja kuhitimisha kwamba waliopotea walizidi 1,500. Pengo kati ya hesabu hizo mbili linaniumiza hadi leo. Hapakuwa na orodha ambayo mzazi au mjane angeweza kufunguliwa, akaonyeshwa jina. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, kusi ikiwa imepamba moto. Ile ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya maji ya ndani ya jimbo la Washington, yaliyokingwa na visiwa na nchi kavu, ikaletwa kubeba watu kwenye bahari ya wazi.

Chombo kinapovuka mpaka wa nchi, sheria inayokishika hubadilika. Meli inayobeba zaidi ya abiria 12 katika safari ya kimataifa inaingia chini ya mkataba wa SOLAS wa usalama wa maisha baharini. Ni lazima iwe na hati ya usalama wa meli ya abiria, watu wote wahesabiwe kabla ya kung'oa nanga, majina yao yaandikwe, na nakala ibaki nchi kavu. Kwa hiyo feri hii italeta katika maji ya Pemba nidhamu ambayo Wapemba walinyimwa katika safari za nyumbani kwao, na sioni kwa nini abiria wa Unguja na Pemba wasije kudai kipimo hichohicho.

Lakini nani atapanda chomboni kukikagua? Kenya ina Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA. Tanzania Bara ina TASAC. Zanzibar ina ZMA, Mamlaka ya Usafiri Baharini, yenye daftari lake la kusajili meli. Boti ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam ingebidi iridhishe mamlaka tatu. Ya Shimoni na Pemba inaanza na mbili. Hata hapo kuna fundo. Bandari za Pemba zinaendeshwa na Shirika la Bandari la Zanzibar, ilhali uhamiaji ni jambo la Muungano. Makubaliano yakisainiwa Nairobi na Unguja peke yake, feri itafika Wete ikute gati bila afisa wa kugonga pasi. Dodoma lazima iwe mezani tangu siku ya kwanza.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya usafiri wa Ziwa Victoria mwaka 2007. Bahari haijapata ya kwake, na wabunge wa Jumuiya huko Arusha wana deni hapo. Kwa sasa makubaliano ya nchi mbili yanatosha, yakitaja wazi mambo ambayo hotuba huyaruka: idadi ya abiria isiyobadilishwa sikukuu ya Idi, mamlaka itakayozuia chombo upepo ukizidi, na kituo cha uokoaji kitakachopokea wito wa dharura kwanza. Chombo kinachotoka Shimoni wakati wa kusi kinakwenda Pemba omo ikiukabili upepo, juu ya mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Nahodha lazima awe na haki ya kukataa kuondoka bila kuulizwa na mwenye meli.

Fedha ni hoja ngumu zaidi, na wanaopinga wana haki ya kuiuliza. Wakulima, wavuvi na wenye misiba hawajazi boti ya kifahari kila siku. Ndiyo maana napendekeza safari mbili tatu kwa wiki, chombo cha wastani chenye nafasi ya mizigo, na ruzuku ya serikali zote mbili. Kenya inawavusha waenda kwa miguu wa Likoni bure, maana yake imekwisha kukubali kwamba kuvuka maji kwa mwananchi wa kawaida ni huduma. Mfanyabiashara mdogo pia asaidiwe: utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, unaotumika mipakani nchi kavu, ufunguliwe gatini Shimoni na Pemba.

Ipo hofu nyingine, ya karafuu. Zanzibar imepambana miaka mingi na magendo yanayovushwa kwenda Kenya, na wapo wanaosema feri itawafungulia wasafirishaji mlango. Mimi naona kinyume. Karafuu za magendo hupakiwa usiku kwenye bandari bubu, mbali na mizani na afisa. Gunia likipita Shimoni mchana, mbele ya forodha, na jina la mwenyewe likiwa kwenye orodha ya abiria, ni rahisi kulikamata kuliko lililofichwa chini ya nyavu. Na shinikizo halisi la magendo ni tofauti ya bei kati ya pande mbili, ambayo haiongezwi wala kupunguzwa na boti ya abiria.

Njia hii ianze kwa majaribio, kuanzia Septemba kusi linapolegea hadi Machi, chombo kikiwa kimekaguliwa kwa pamoja na KMA na ZMA, na hesabu za abiria, mizigo na safari zilizoahirishwa zitangazwe kila mwezi Kwale na Pemba. Kisha safari za masika na za kusi kali ziamuliwe kwa hesabu hizo, na habari ya Unguja na Dar es Salaam ifuate baada yake.