Kilele cha Meru si faradhi

Kila likizo za shule zinapowadia, zipo familia zetu zinazopanga safari za milimani, na Mlima Meru ulioko katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni miongoni mwa ile inayotajwa sana. Kutembea na watoto na kutafakari maumbile ni jambo la kupongezwa. Tunalolihofia ni mzazi anayeigeuza safari hiyo kuwa mashindano ya kufika juu.

Safari ya Meru yaweza kufanywa kwa mzunguko. Wapandaji huanzia lango la Momella, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, wakiongozana na askari wa hifadhi mwenye silaha kwa sababu ya nyati na tembo. Wanaoshika njia ndefu hukata msitu, hupita chini ya tao la mkuyu ambalo gari laweza kupenya, hufika kwenye maporomoko ya maji ya Maio, kisha hulala kambi ya Miriakamba, mita 2,514. Usiku wa pili hulala kambi ya Saddle, mita 3,570. Kutoka hapo huondoka usiku wa manane, wakafuata ukingo wa kreta hadi kileleni, mita 4,566. Wakati wa kurudi hushika njia fupi ya uwanda wa nyasi, hata wakarejea Momella walikoanzia.

Hebu tuzitazame hesabu hizo. Wataalamu wa afya hushauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000, mahali pake pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Kutoka Miriakamba hadi Saddle ni zaidi ya mita 1,000. Ndiyo maana hata kijana mwenye nguvu huweza kuumwa kichwa, kutapika na kukosa hamu ya kula. Maradhi hayo hayachagui shujaa wala mnyonge, na yakizidi huingia kwenye mapafu au ubongo, yakaua. Tiba yake ya kwanza ni kushuka.

Watasema baadhi yetu: fedha zimekwishalipwa, na mtoto akizoeshwa kurudi njiani atakuwa mwepesi wa kukata tamaa. Hoja hiyo hatuikubali. Dini yetu imempa msafiri ruhusa ya kupunguza swala, na mgonjwa ruhusa ya kuswali ameketi. Ikiwa katika ibada iliyo faradhi tumepewa wepesi, itakuwaje tujibebeshe uzito katika matembezi ambayo hakuna aliyetufaradhishia? Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sharia. Mtoto anayeona baba yake akigeuza njia kwa ajili ya mwenzao aliyechoka hajafunzwa woga. Amefunzwa amana.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kwanza, wenye watoto wadogo watosheke na matembezi ya siku moja hadi kwenye maporomoko; humo mna funzo la kutosha. Pili, wanaokusudia kilele waongeze usiku mmoja Miriakamba, ingawa gharama itapanda. Tatu, wakubaliane kabla ya kuondoka nyumbani kwamba atakayesema kichwa kinamuuma ataaminiwa, wala hatachekwa. Nne, asishushwe mgonjwa peke yake. Wapangwe mapema watakaorudi naye pamoja na kiongozi.

Wazee walisema mpanda ngazi hushuka. Meru nayo, kutoka kileleni hadi langoni ni mteremko wa mita 3,000 hivi, nao hushukwa kwa magoti yaliyokwisha choka. Aliyemaliza nguvu zake zote juu atashuka kwa nini? Mzunguko hukamilika Momella, familia ikihesabiwa na kukutwa haijapungua hata mmoja.

Wabillahi tawfiq.