Rangi ya Kucha Haipimwi kwa Siku

Ukitaka kuanzisha ubishi kati ya wasomi wenzangu wa uzamili hapa Chang'ombe, uliza rangi ipi ya kucha ni nzuri. Mmoja atasema inayokaa wiki mbili. Mwingine atasema ya saluni, si ya wale vijana wanaopita mtaani na vikapu vya vichupa. Wa tatu atatafuta iliyoandikwa "haina sumu". Wote wanapima kitu kingine.

Tuanze na siku. Rangi ya kawaida, achana na jeli, ni nitroselulosi iliyoyeyushwa katika kimiminika kinachoruka haraka. Kikisharuka, utando unabaki juu ya ukucha. Utando huo peke yake ni mkavu na hupasuka, ndiyo maana kwa miaka mingi watengenezaji waliulainisha kwa dibutili fthaleti, kemikali ambayo Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku katika vipodozi kwa sababu ya madhara yake kwenye uzazi. Kwa hiyo kusema "imekaa" hakutuambii imekaa kwa nguvu ya nini.

Na rangi ikibanduka, mara nyingi inasingiziwa. Kucha hunywa maji na kutanuka. Fundi akikuloweka miguu kwenye beseni, akasugua, akapaka hapohapo kwa sababu wewe una haraka ya daladala, ukucha utasinyaa baadaye na rangi itaachia. Hapo kosa ni la haraka.

Hoja ya saluni ndiyo dhaifu kuliko zote. Kichupa cha kikapuni na cha saluni vinaweza kuwa vimetoka duka moja Kariakoo. Tofauti ni jinsi kinavyotunzwa. Kichupa kinachofunguliwa kutwa nzima huwa kizito, huvuta nyuzi kama mlenda, kisha mtu anakiongezea asetoni. Asetoni ni ya kufutia! Rangi iliyozimuliwa nayo hupauka na kukatika. Inua brashi utazame: tone zuri hushuka taratibu, bila uzi. Tikisa kichupa; rangi ikigoma kuchanganyika, kirudishe, hata kama kiko kwenye kabati la kioo chini ya kiyoyozi.

Lebo nazo? Mwaka 2012 mamlaka ya jimbo la California ilipima rangi za saluni na kukuta tolueni katika nyingi zilizojitangaza kuwa hazina tolueni. Kama huko maandishi yalidanganya, huku tunayaamini kwa lipi? Usimamizi wa vipodozi ulihamia TBS kutoka TFDA mwaka 2019, lakini mnunuzi naye ana macho. Tunachouliza sisi ni kama ipo damu ya mzee.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba katika ubishi wote huu hakuna anayetaja pua ya fundi. Wewe unavuta harufu ile dakika ishirini. Yeye anaivuta tangu asubuhi, na dada wa saluni anaivuta ndani ya chumba kisicho na dirisha. Tolueni huleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu. Rangi inayokupendeza wiki mbili huku ikimuumiza anayeipaka, mimi siiiti nzuri.

Basi kijana wa kikapu akipita, mwambie, "Kaka, naomba kwanza nione kichupa." Soma viambato. Kisipokuwa na orodha, chagua kingine. Kaeni barazani, upepo unapopita, na miguu ikauke kwanza.