Mfungaji Bora Hana Kinga

Nawauliza wakubwa wa shule zetu hapa Kolwezi: ni sheria ipi inayosema mvulana akituhumiwa kumbaka mwanafunzi mwenzake, wa kuhama shule ni msichana? Sheria za Kongo nimezisoma, kifungu hicho sijakiona. Lakini desturi ndiyo hiyo, na mvulana akiwa na namba tisa mgongoni, desturi inakaza kuliko sheria yoyote. Msichana anapumzishwa nyumbani, mpaka maneno yapoe. Mvulana anapumzishwa Alhamisi ili Jumamosi awe na nguvu ya kucheza.

Hapa katika kambi yetu ya Musonoi tunajua mambo haya yanavyokwenda. Polisi haitwi. Anaitwa mkurugenzi wa nidhamu, kisha prefe, yaani mkuu wa shule, kisha kocha, na wa mwisho kabisa ni mama wa mtoto. Baba anaachwa kwenye benchi la nje, kofia mkononi, vumbi la malori ya madini likimjia usoni. Ndani, kocha amepewa kiti na msichana amesimama. Anaulizwa alikuwa anatafuta nini karibu na uwanja saa kumi na mbili jioni. Anaulizwa kama siku za nyuma aliwahi kucheka na huyo kijana. Kijana naye anaulizwa swali moja tu: goti limepona?

Kisha linaletwa lile neno tamu: tupatane kirafiki, kwa mbuzi na bahasha ya dola. Maneno ya nyumba yaishie nyumbani, shule isichafuliwe jina, kijana ana maisha mbele yake. (Msichana, inaelekea, maisha yake yako nyuma.) Funika kombe mwanaharamu apite.

Hebu tuhesabu pamoja, wakubwa, maana ninyi ni walimu. Tendo limetokea Jumamosi saa kumi na mbili jioni, mechi imekwisha. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Saa hizo zinaisha Jumanne jioni. Msichana anapata ujasiri wa kumwambia mwalimu wake Jumatatu saa mbili asubuhi. Zimebaki saa 34, na zinatosha kabisa kufika hospitali kwa pikipiki, kwa gari, hata kwa miguu. Nanyi mnafanya nini? Mnaita kamati ya wazazi, kikao Alhamisi. Alhamisi kikao kinapofunguliwa kwa sala, dawa imepitwa na wakati, nguo zimefuliwa na kuanikwa, na daktari ataandika kwamba hakuona kitu. Halafu watu walewale mnakunja mikono mnasema: ushahidi uko wapi? Mmeuua wenyewe, kwa utaratibu, huku mkiandika muhtasari wa kikao.

Sheria yenyewe haina mafumbo. Tarehe 20 Julai 2006 zilitiwa saini sheria mbili, nambari 06/018 na 06/019. Ubakaji ni kifungo cha miaka 5 hadi 20. Uchunguzi wa awali usizidi mwezi mmoja, hukumu itoke ndani ya miezi mitatu tangu kesi ifike mikononi mwa vyombo vya sheria. Mwaka 2009 ikaja sheria ya kumlinda mtoto, na kwa mtu mzima aliyembaka mtoto kifungo kikaanzia miaka 7. Lakini pale penye kuniuma zaidi ni hapa: katika makosa haya, ile faini ya kumalizia kesi imekatazwa. Mwendesha mashtaka wa Jamhuri, na muhuri wake na kiapo chake, hana ruhusa ya kupokea makuta ili faili lifungwe. Sasa prefe kaipata wapi ruhusa hiyo? Kocha je? Nani aliwapa mbuzi na bahasha ya dola mamlaka ambayo Bunge liliinyima Parke, ofisi ya mwendesha mashtaka?

Najua mtakalojibu. Kijana anaweza kuwa amesingiziwa. Ndiyo, anaweza. Mtuhumiwa si mkosaji mpaka mahakama iseme, na mimi nitakuwa wa kwanza kumtetea asipigwe mawe barabarani. Kama hajatimiza miaka 18, kuna mahakama ya watoto, inasikiliza kwa faragha, na kazi yake ni kumrekebisha mtoto. Basi mpelekeni huko! Aliyesingiziwa atasafishwa na hakimu mbele ya karatasi, badala ya kubaki na minong'ono inayomfuata mpaka uzeeni. Kikao chenu hakimsafishi mtu. Kinamficha mwenye kosa na kumchafua asiye na kosa, wote kwa bei moja. Na kumweka kijana nje ya timu wakati kesi inaendelea hakumfungi jela. Atakosa mechi. Msichana anakosa mwaka mzima wa masomo na hakuna anayelia.

Mpira tunaupenda, na tuna haki ya kuupenda. Katanga hii mpira umetoka mapajani mwa shule: TP Mazembe yenyewe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa wa Kibenediktini waliokuwa wakiongoza Taasisi ya Saint-Boniface kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka 2010 wana wa klabu hiyo walicheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu dhidi ya Inter ya Milan. Kambi za kampuni ya madini ya Gécamines, Musonoi ikiwemo, zililelewa na mwajiri mmoja mwenye mgodi, hospitali, shule na uwanja. Mshahara ulipokufa, mpira ukabaki ndio mlango pekee ambao mtoto wa kambi anaona unaweza kumtoa kwenye mashimo. Kwa hiyo tukimwona kijana ana mguu, tunamwona amebeba mtaa mzima. Naelewa. Ila yule msichana naye ni mtoto wa mtaa uleule, na hakuna aliyeuliza alitaka kuwa nani.

Tusijidanganye kwamba shule ikifumba macho madhara yanaishia ofisini. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mseto ya St. Kizito, Meru, nchini Kenya, wavulana waligoma, na chanzo cha mgomo kilikuwa ada ya mashindano ya michezo ambayo shule haikulipa. Wasichana walikataa kujiunga nao. Wavulana wakavamia bweni. Wasichana 71 walibakwa, 19 wakafa. Na naibu mwalimu mkuu, mwanamke, akanukuliwa akisema wavulana hawakuwa na nia mbaya, walitaka kubaka tu. Hiyo "tu" haikuzaliwa usiku ule. Ililelewa katika shule ambamo kubaka kulikuwa utundu wa kawaida.

Wala si ugonjwa wa maskini. Chuo kikuu cha Baylor, Texas, chenye fedha za kununua nusu ya Kolwezi, mwaka 2016 kilikiri kwamba watu wa timu yake walipokea malalamiko ya wasichana na kuyakalia, hadi watu wakaamini mpira wa Kimarekani uko juu ya kanuni. Kocha alifukuzwa, rais wa chuo akaondolewa kwenye kiti. Hapa kwetu sijasikia hata mkurugenzi wa nidhamu aliyepewa barua.

Na msiniambie mahakama zetu haziwezi. Desemba 2017, mahakama ya kijeshi ya Sud-Kivu ilimhukumu kifungo cha maisha Frédéric Batumike, mbunge wa jimbo, pamoja na wanamgambo wake, kwa kuwabaka watoto wadogo wa kijiji cha Kavumu. Mtu alikuwa na bunduki, na kinga ya bunge, na pesa. Mshambuliaji wenu ana nini? Ana mabao.

Familia ya msichana inayopokea bahasha siilaumu. Mama anauza mboga, ada ya sekondari inamsubiri, na prefe aliyemwambia akubali ndiye anayeweza kumfukuza mtoto wake kesho. Lawama ni ya aliyeweka bahasha mezani na aliyetoa meza.

Mwalimu wa Musonoi, wewe uliye darasani, usingoje prefe. Mtoto akikuambia Jumatatu, mpeleke hospitali Jumatatu hiyohiyo, na nguo alizovaa, bila kuzifua, ndani ya mfuko wa karatasi. Kisha nendeni polisi. Kikao kitawakuta huko.