Kilifi, Majirani Zake na Kimo cha Watoto

Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi nchini Kenya mwaka 2013, chini ya Katiba ya 2010, huduma nyingi za afya, kuanzia zahanati hadi hospitali ya kaunti, zimekuwa jukumu la serikali hizo 47, huku Serikali Kuu ikibaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa. Ugatuzi huo, yaani kugawanywa kwa mamlaka na fedha baina ya ngazi hizo mbili, uliwawezesha wananchi kulinganisha kaunti yao na ya jirani na kumdai gavana wao maelezo. Ulinganisho wenyewe, hata hivyo, hufanywa mara nyingi kwa kuhesabu vitu vinavyoonekana, kama vile majengo mapya, ambulensi na vitanda, kana kwamba afya ya watu ni jumla ya vifaa vya kuwatibia. Kilifi, kaunti ya Pwani iliyokuwa na wakazi 1,453,787 katika sensa ya 2019, inaonyesha wazi jinsi hesabu ya namna hiyo inavyoweza kupotosha.

Kwa upande wa sayansi ya tiba, Kilifi si kaunti iliyosahauliwa. Mji wa Kilifi umekuwa makao ya mpango wa utafiti wa taasisi ya tiba ya KEMRI na mfuko wa Wellcome Trust tangu 1989, na tangu 2000 watafiti wake wamekuwa wakiandikisha vizazi, vifo na uhamaji wa zaidi ya robo milioni ya watu wanaoishi kuzunguka hospitali ya kaunti, kazi ambayo ni sehemu chache sana za Afrika zimeifanya kwa muda mrefu kiasi hicho. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi miaka mingi kabla ya kuanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019. Idadi ya watoto wanaolazwa kwa malaria ilishuka sana kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, na chanjo dhidi ya bakteria wanaosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo zilipunguza magonjwa hayo kwa kiwango kilichothibitishwa na takwimu za hospitali hiyohiyo. Haya ni mafanikio makubwa, na mzazi yeyote aliyewahi kukesha wodini na mtoto mwenye degedege anajua thamani yake.

Hata hivyo, Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 uligundua kwamba asilimia 37 ya watoto wa Kilifi wenye umri wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko cha kaunti nyingine yoyote nchini, kikifuatiwa na asilimia 34 za Pokot Magharibi na asilimia 31 za Samburu. Udumavu ni hali ya mtoto kuwa mfupi mno kwa umri wake akilinganishwa na viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani. Hauletwi na mlo mmoja uliokosekana wala homa ya wiki moja, bali na upungufu wa lishe na maradhi ya kujirudia tangu ujauzito hadi mwaka wa pili wa maisha, kipindi ambacho pia ubongo hujengeka kwa kasi kubwa, na ndiyo maana madhara yake hufika hadi darasani na kazini. Kitaifa, kiwango hicho kilishuka kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022, ilhali Kilifi ilikuwa na asilimia 39 mwaka huo wa 2014, na tofauti ya alama mbili katika utafiti wa sampuli ni ndogo mno kuitwa maendeleo. Kitui, ambayo mwaka 2014 ilikuwa kileleni pamoja na Pokot Magharibi kwa takriban asilimia 46 kila moja, imekwisha kutoka katika tatu za kwanza. Kilifi imebaki palepale.

Maelezo yanayotolewa haraka ni umaskini, lakini majirani wa Kilifi wanayatia shaka. Katika utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16, asilimia 46.4 ya wakazi wa Kilifi waliishi chini ya mstari wa umaskini, kiwango kinacholingana na asilimia 47.4 za Kwale na kilicho chini sana ya asilimia 62.2 za Tana River. Iwapo kipato ndicho kingekuwa sababu pekee, watoto wa Tana River wangekuwa wafupi zaidi na wa Kwale wangelingana na wa Kilifi. Lakini mwaka 2014 udumavu ulikuwa takriban asilimia 28 Tana River na 30 Kwale. Mombasa na Taita Taveta, zenye umaskini mdogo zaidi, zilikuwa na asilimia 21 na 24.

Sehemu ya jibu la Tana River inaelekea kuwa maziwa. Waorma na Wawardei wa kaunti hiyo ni wafugaji, na mtoto anayekunywa maziwa hupata protini na kalsiamu ambazo uji wa mahindi mtupu hauwezi kumpa. Garissa, kaunti ya wafugaji iliyopakana na Tana River kwa upande wa pili, ilikuwa pamoja na Kisumu kaunti yenye udumavu mdogo kuliko zote mwaka 2022, asilimia 9 tu. Hili halimaanishi kwamba watoto wa wafugaji wana afya njema. Wao huathiriwa zaidi na ukondefu, yaani uzito mdogo kwa kimo, ambao hutokea ghafla ukame unapoua mifugo na ambao huua haraka zaidi. Kaunti mbili jirani zinaweza basi kuwa na njaa za aina mbili tofauti, na anayezipanga kwa safu moja, ya kwanza hadi ya mwisho, hatajifunza lolote la kumsaidia kupanga bajeti.

Njaa ya Kilifi haina kelele. Katika sehemu kubwa ya bara ya kaunti hiyo, hasa Ganze na Magarini, familia hulima mahindi katika ardhi ambayo mvua yake haitoshelezi mahindi, huku kuku na mbuzi wakifugwa zaidi kwa ajili ya kuuzwa ada ya shule inapohitajika kuliko kwa ajili ya chungu cha nyumbani. Sima na mboga za majani hushibisha, na kwa kuwa mtoto halii njaa, hakuna anayeshtuka. Mama anayetembea mwendo mrefu kufuata maji wakati wa kiangazi humwacha mtoto wa miezi minane kwa dada yake ambaye naye bado ni mdogo, na mtoto wa umri huo, ambaye tumbo lake ni dogo na anahitaji kulishwa mara kadhaa kwa siku, hulishwa mara mbili. Kwa maoni ya makala haya, maji karibu na nyumbani ni huduma ya lishe sawa na vidonge vya vitamini vinavyotolewa kliniki, ingawa katika vitabu vya serikali huwekwa chini ya idara nyingine kabisa.

Nyuma ya hayo kuna suala la ardhi. Sheria ya hatimiliki ya 1908 ilitambua madai ya watu binafsi katika ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar na kuwaacha Wamijikenda wengi, wenyeji wa Kilifi na Kwale, wakiwa maskwota, watu wanaolima shamba ambalo kisheria si lao, na skwota hana sababu ya kuchimba kisima au kupanda miti ya matunda ambayo mwingine anaweza kuidai kesho. Kufa kwa kiwanda cha korosho cha Kilifi kuliondoa pia soko la zao lililokuwa likiwaletea wengi fedha. Kwale nayo ilipitia historia hiyohiyo ya ardhi na bado watoto wake walikuwa na hali nafuu, kwa hiyo hati za ardhi peke yake hazitamaliza tatizo. Tofauti ya karibu alama 10 baina ya kaunti mbili zenye watu wa asili moja na umaskini unaolingana ndiyo inayostahili kuchunguzwa kijiji kwa kijiji, kwa kuwa hapo ndipo somo lenye manufaa lilipo.

Wastani wa kaunti nao huficha mengi. Mtwapa, inayopakana na Mombasa na kuishi kwa uchumi wake, inahesabiwa pamoja na vijiji vya Ganze, na mgonjwa wa Kilifi anayetibiwa katika hospitali ya rufaa ya Mombasa huingia katika takwimu za hospitali ya Mombasa ingawa ni mkazi wa Kilifi. Kaunti ina wadi 35, lakini utafiti wa kitaifa hautoi takwimu ya kila wadi, na mwakilishi wa wadi anayejadili bajeti hajui hali ya watoto wa eneo lake.

Kasoro hiyo inaweza kurekebishwa. Katika kliniki ya watoto, mizani huning'inizwa kwenye boriti, mtoto hutiwa ndani ya kaptura yake na uzito huandikwa katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Kupima kimo ni kazi zaidi, kwani mtoto wa chini ya miaka miwili hulazwa juu ya ubao maalumu, mtu mmoja akimshika kichwa na mwingine akimnyoosha miguu, na foleni inapokuwa ndefu na muuguzi akiwa peke yake, kimo ndicho huachwa. Kaunti sita za Pwani tayari zina jumuiya yao, na zinaweza kukubaliana kwamba kila zahanati iwe na ubao huo na mhudumu wa pili siku za kliniki, kisha takwimu za kimo za kila wadi zifikishwe katika mabunge yao kabla ya makadirio ya bajeti kupitishwa. Gavana wa Kilifi angeulizwa basi si kuhusu wodi ngapi zimefunguliwa, bali ni watoto wangapi wa miaka miwili wa Ganze wamefikia kimo cha wenzao wa Kwale, na fedha za maji, ufugaji wa maziwa na hati za mashamba zingegawanywa kuanzia kwenye wadi ambazo jibu lake ni baya zaidi.