Nusukaputi na Mtoto Aliye Tumboni

Mama mjamzito wa Laela ameugua kidole tumbo, anapelekwa Sumbawanga kupasuliwa. Nusukaputi atakayopewa itapita kwenye kondo la nyuma, na mtoto naye atalala. Je, itamdhuru? Mwaka 2016 Marekani ilitahadharisha kwamba dawa hizo zikitumika zaidi ya saa 3, au mara kwa mara, katika miezi mitatu ya mwisho, huenda zikaathiri ubongo wa mtoto. Ushahidi mwingi ulitokana na wanyama! Kwa maoni yangu, watafiti wawafuatilie na watoto wa Ufipa, maana ketamini imezoeleka sana katika hospitali zetu.

Hata hivyo, mama, usikatae kupasuliwa. Kidole tumbo kikipasuka, mtoto yumo hatarini zaidi. Uliza kama ganzi ya mgongoni inafaa, kwani humfikia mtoto kidogo mno.