MALI NA MADARAKA VITENGANISHWE

MWAKA 2024 tajiri mmoja wa Marekani, Elon Musk, alitoa zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Donald Trump na wagombea wenzake washinde uchaguzi. Mwaka uliofuata, pasipo kupigiwa kura hata moja na mwananchi yeyote, tajiri huyo alikabidhiwa kazi ya kupunguza watumishi na matumizi ya Serikali ile ile ambayo kampuni yake ya maroketi inafanya nayo biashara ya mabilioni ya dola. Miongoni mwa vyombo vilivyovunjwa katika zoezi hilo ni Shirika la Misaada la nchi hiyo, USAID, lililokuwa likigharimia huduma za UKIMWI na malaria katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo. Mgonjwa wa Afrika hakuulizwa. Wala, kusema kweli, hakuulizwa mfanyakazi wa kiwandanni kule Detroit.

Hali hiyo haikuzuka siku moja. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kumwekea mgombea kikomo cha matumizi ni kuuminya uhuru wake wa kusema. Mwaka 2010, kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama hiyo hiyo ikayaruhusu makampuni nayo yatumie fedha zao katika uchaguzi bila kikomo, mradi yasimpe mgombea mwenyewe mkononi. Hivyo fedha ikageuzwa kuwa ulimi, na mwenye fedha nyingi akawa na ndimi nyingi. Wapo watakaotukumbusha kwamba Michael Bloomberg alitumia karibu dola bilioni moja mwaka 2020 kuutafuta Urais wa nchi hiyo akaambulia patupu. Ni kweli. Lakini bepari hana haja ya kukikalia kiti yeye mwenyewe. Inamtosha kwamba atakayekikalia anajua ni nani aliyekinunua.

Tunayaeleza ya Marekani kwa sababu sisi tuliwahi kuutambua ugonjwa huo mapema, tukautafutia dawa, kisha dawa yenyewe tukaiweka kabatini.

Wazee watakumbuka uchaguzi wa mwaka 1965. Mgombea hakuruhusiwa kutumia fedha zake katika kampeni. Chama ndicho kilichoitisha mikutano, na wagombea wawili wa jimbo walisimama jukwaa moja, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba, wakajieleza mbele ya wananchi wale wale. Katika uchaguzi huo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa. Waziri mwenye dhamana ya hazina ya Taifa zima aliondolewa na wapiga kura, wala hapakuwa na namna ya kuinunua huruma yao. Utaratibu ule ulikuwa na mipaka yake, kwani wote wawili walikuwa wateule wa Chama kimoja. Lakini katika suala hili la fedha ulikuwa mkali, nao ulifanya kazi.

Miaka miwili baadaye likaja Azimio la Arusha. Leo watu hulikumbuka zaidi kwa kutaifisha mabenki na viwanda. Pamoja na hayo kulikuwa na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Wanaodai kwamba miiko ile ilitokana na wivu dhidi ya wenye mali hawakuielewa. Haikumkataza mtu kutajirika, ilimtaka achague. Akitaka biashara, aende akafanye biashara. Akitaka kuwaongoza wakulima na wafanyakazi, aishi kama wao. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa ameanza kwa kujikata asilimia 20 ya mshahara wake mwaka 1966.

Mwezi Februari 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ilipokutana Zanzibar, miiko hiyo ililegezwa. Haki itendeke: sababu zilikuwapo. Katika miaka ya 1980 mshahara wa mtumishi ulikuwa haumfikishi mwisho wa mwezi, na wengi walikuwa wakifuga kuku uani ili watoto wapate kula. Wengine walikwisha kuikwepa miiko kwa kuandikisha mali kwa majina ya ndugu zao. Ila kosa lilikuwa kubomoa ukuta mzima kwa ajili ya mtu mwenye banda la kuku. Mlango uliofunguliwa kwa ajili yake ulipitiwa pia na mwenye kampuni, ambaye asubuhi anaomba zabuni Serikalini na jioni anakaa katika kikao kinachomsimamia mtoa zabuni. Watu hawa wawili hawakupasa kuhesabiwa pamoja.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema kama mila zinavyotaka. Ukarimu gani huo unaomjia mkulima mara moja katika miaka mitano? Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba, na miongoni mwa hoja ilikuwa kwamba vinambagua mgombea maskini. Ndipo mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi, yenye kuweka kikomo cha matumizi na kumtaka mgombea aeleze fedha zake zimetoka wapi. Sheria ni nzuri. Udhaifu ni kwamba hesabu husomwa ofisini, uchaguzi ukiwa umekwisha, wakati bahasha hugawiwa usiku kabla ya kura za maoni. Nako huko ndiko bei ilipo ndogo, kwani kuwahonga wajumbe ni rahisi kuliko kulihonga jimbo zima.

Kwa hiyo Chama kisingojee Serikali. Kura za maoni ni mali ya Chama, na Chama kinaweza kurudisha ndani yake utaratibu wa 1965: mikutano iitishwe na Chama, usafiri uwe wa Chama, wagombea wote wapande gari moja. Siku saba kabla ya kura, kila mwombaji asomewe mbele ya wajumbe orodha ya hisa zake, kampuni anazoziongoza, zabuni alizopewa na Serikali au halmashauri, pamoja na majina ya waliomchangia. Matamko ya mali yanayopelekwa kwa Kamishna wa Maadili chini ya sheria ya mwaka 1995 yana kazi yake, lakini mjumbe wa kata hayaoni. Orodha hii ataisikia kwa masikio yake, naye anaweza kuuliza swali. Na mwombaji atakayekataa isisomwe, jina lake lisipigiwe kura.