Fungua jedwali kabla ya kuamini programu

Leo tuache kidogo simu na tovuti, tupande angani. Msihofu, bado tunazungumza mambo ya programu.

Aprili 2020 serikali yetu iliposhusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, niliombwa kurekebisha programu ya mauzo ya duka fulani. Namba 16 ilikuwa imezikwa ndani ya msimbo mahali patatu, na hakuna aliyekumbuka nani aliiweka. Nilicheka sana. Kicheko kiliniisha niliposoma jinsi magnesiamu ya nyota inavyopimwa.

Kwa nini magnesiamu? Kwa sababu nyingi yake hupikwa na nyota kubwa, zile zinazoishi muda mfupi kisha zikalipuka. Chuma nacho hutoka huko, lakini kingi huja baadaye, masalia ya nyota ndogo zaidi yanapolipuka. Ukilinganisha viwili hivi ndani ya nyota, unapata fununu ya lini gesi yake ilikusanyika. Ukikosea magnesiamu umekosea historia ya galaksi nzima.

Mwanga wa nyota ukitawanywa kama upinde wa mvua huonyesha mistari myeusi, na mmoja wa magnesiamu uko kwenye nanomita 457, upande wa buluu. Uzito wa mstari hautegemei idadi ya atomu pekee, bali pia ziko kwenye ngazi gani ya nishati. Atomu hupanda na kushuka ngazi hizo kwa mwanga, au kwa kugongwa, hasa na elektroni huru zinazokimbia huku na huko. Zamani wataalamu walikata njia: walichukulia kwamba migongano ni mingi mno, hivyo joto pekee linatosha kukuambia kila ngazi ina atomu ngapi. Kwenye tabaka za juu za nyota jitu, ambako gesi ni nyepesi, hesabu hiyo haisimami. Programu lazima ijue, kwa kila jozi ya ngazi, mgongano wa elektroni una nguvu kiasi gani ya kuihamisha atomu.

Namba hizo hutoka kwenye jedwali. Lililotumika sana ni la Mauas na wenzake, la mwaka 1988: ngazi 12, mihamo 25. Haya, wewe mwenye kupenda hesabu: ngazi 12 zina jozi 66. Jozi 41 ziko wapi? Hazimo! Mapengo kama hayo hujazwa kwa fomula za kukadiria, mfano ile ya van Regemorter ya 1962, ambayo hukisia mgongano kutokana na nguvu ya mstari wenyewe. Pale ambapo mwanga karibu umekatazwa kupita, fomula hukwama, na mara nyingi watu wameweka namba moja ileile kwa mihamo yote ya aina hiyo. Mwenzangu unayeandika programu, ugonjwa huo tunaujua.

Mstari wa 457 ni wa kundi hilo hasa. Ili atomu ihame, spini ya elektroni yake lazima igeuke, jambo ambalo mwanga hulifanya kwa shida. Elektroni inayogonga, kwa upande wake, inaweza kubadilishana nafasi na ile ya atomu, kazi ikaisha.

Mwaka 2017 Paul Barklem wa Uppsala, Sweden, pamoja na wenzake walichapisha namba mpya: ngazi 25, mihamo yote 300. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba zilikokotolewa mara mbili, kwa mbinu mbili zisizotegemeana. Kwenye joto la kama kelvini 5000 zilitofautiana kwa wastani wa asilimia 4 tu, ingawa mtawanyiko ni asilimia 27, na wastani mzuri usikufumbe macho. Jedwali la 1988 lilionekana kuwa chini kwa wastani wa asilimia 57, na mtawanyiko wa karibu mara 6.5. Kwenye nyota jitu, sahihisho la kiasi cha magnesiamu kutokana na mstari wa 457 lilipungua kwa takriban asilimia 25. Kwenye modeli ya supanova, mstari huo uliongezeka nguvu karibu mara mbili, ukakaribia zaidi kile darubini zinachoona.

Simlaumu Mauas. Alitoa alichokuwa nacho. Lawama yangu ni kwetu sisi tunaopokea faili, tukaona programu haikwami, tukaendelea na safari kwa miaka karibu 30. Maoni yangu ni haya: kila anayechapisha kiasi cha magnesiamu ya nyota ataje jedwali la migongano alilotumia na toleo lake, waziwazi, kama sisi tunavyotaja toleo la maktaba ya programu. Na asihesabu matokeo ya programu mbili zinazosoma faili moja kuwa ni mashahidi wawili.

Kuna rafiki aliniambia asilimia 25 ni kitu kidogo kwa watu wa nyota. Labda kwa nyota moja. Lakini kosa la jedwali haliji huku na huku likafutana. Nyota za aina moja zote huzisukuma upande mmoja, hata ukipima laki moja.

Faili ninayotaka kuifungua sasa ni ya migongano ya hidrojeni. Kwenye nyota zenye joto la chini, kwa kila elektroni huru moja kuna maelfu ya atomu za hidrojeni, nazo pia hugonga.